Bongo Movie haikufa na Kanumba, ilikufa tulipoacha kusikia wanachoongea

Wakuu habari zenu. Kila ikikaribia tarehe 7 Aprili huu ubishi unarudi, kwamba mwigizaji Kanumba alivyofariki 2012 Bongo Movie, yaani muvi zetu za Tanzania, nayo ikazikwa naye pale Kinondoni. Nimeusikia saluni, nimeusikia kwenye daladala, juzi nimebishana na shemeji yangu mpaka chai ikapoa. Mimi nakataa. Marehemu alikuwa mkubwa na ule umati wa viwanja vya Leaders siku ya kumuaga kila mtu aliuona, lakini tasnia nzima haiwezi kufa kwa kuondoka mtu mmoja kama ilikuwa nzima. Ilikuwa inaumwa tayari na ugonjwa wenyewe ni masikio. Namaanisha kabisa, masikio.

Ngoja nieleze. Mimi nimekulia kwenye mabanda ya video, yale ya mabenchi na turubai, joto mpaka shati linaloa. Muvi ya Kihindi au ya Kichina, hakuna hata mmoja wetu anayeijua hiyo lugha, lakini banda limejaa na limetulia kimya kwa sababu Lufufu, yule mtafsiri aliyeingiza sauti yake juu ya muvi, anaongea. Anakwambia huyu ndio steringi, huyu ni mjomba wake ila ana roho mbaya, subiri uone. Kanda yenyewe imechoka, picha inaruka, sura za watu zimekuwa za kijani, na hakuna aliyenyanyuka kwenye benchi. Kenya wana DJ Afro, habari ni hiyohiyo, watu wanaitafuta sauti yake kuliko muvi yenyewe. Mtazamaji wa huku kwetu anasikiliza kwanza halafu ndio anaangalia. Wazee wetu walikaa kwenye redio wakisikiliza mchezo wa Pwagu na Pwaguzi wakacheka mpaka machozi, hakukuwa na picha hata moja.

Sasa njoo kwenye muvi zetu za ule wakati wa kununua dukani. Kuna moja niliinunua shilingi 3,000, jina la Kiingereza juu ya kava ingawa ndani wanaongea Kiswahili mwanzo mwisho (hili nalo sijawahi kulielewa mpaka leo). Inaanza, Prado linapiga honi getini, mlinzi anafungua, gari linaingia taratibu, linapaki, bosi anashuka, anabonyeza alamu, anapanda ngazi, anakaa kwenye kochi, hausigeli analeta juisi, anakunywa, kinanda kinalia muda wote huo na hakuna mtu aliyesema neno. Sawa, nikavumilia. Katikati huko baba anampeleka mwanae Coco Beach kumwambia kwamba yeye sio baba yake mzazi. Hiyo ndio siri ya muvi nzima jamani! Na upepo wa bahari umepiga maiki vvvuuu, halafu juu yake wakaweka wimbo wa huzuni kwa sauti kubwa, nikarudisha nyuma mara tatu nimebandika sikio kwenye tv, sikusikia kitu. Nimejua siri kwa kusoma yale maandishi ya Kiingereza chini, nayo yalikuwa na makosa. Halafu ikakatika ghafla, subiri Part 2, shilingi 3,000 nyingine. Sikununua, na nadhani wengi tuliacha kununua kwa staili hiyohiyo, kimyakimya, bila kumchukia mtu.

Maneno yenyewe unayosikia nayo hayajaandikwa na mtu. Jirani yangu aliwahi kupata nafasi kwenye muvi moja, anasema alifika lokesheni asubuhi akaambiwa wewe ni mke mdogo, umemfumania mumeo, haya ongea. Basi. Hakuna karatasi, hakuna mazoezi. Ukiongea kwa kubuni hapohapo unarudia lile unalolijua, ndio maana kila ugomvi una "hivi unanionaje?" na "leo utanijua mimi ni nani" mara nne nne. Kanumba na mwigizaji mwenzake Ray walipikwa Kaole, kundi la maigizo, tukawaona ITV kila wiki, watu waliokuwa wanajua kupokezana maneno. Baadaye kigezo kikawa sura na jina, ukishinda urembo au ukiimba vizuri kesho uko kwenye kava.

Najua mtanijibu wizi wa kazi. Ni kweli, wizi uliumiza watu na siutetei, msanii anaamka anakuta jasho lake linauzwa barabarani. Lakini mnakumbuka 2017 wasanii walivyoandamana mpaka Kariakoo kupinga muvi za nje zinazouzwa kiholela? Mimi niliwahurumia kwa moyo wote, ila nilijiuliza, zile za Kikorea na Kihindi si nazo zilikuwa zinaibiwa vilevile, na watu bado wanazililia? Na baadaye Azam TV wakaleta Sultan, tamthilia ya Waturuki imeingizwa sauti za Kiswahili, mtaani kwetu saa yake ikifika hata genge linafungwa. Kina mama waliokuwa wanaambiwa hawapendi vya nyumbani walikaa kusikiliza Kiswahili cha Watanzania wenzao kikitoka kwenye midomo ya Waturuki. Wanapenda sana tu, wanataka wasikie kisa kinaenda wapi.

Nyongeza: kuna mkuu amenijibu kwamba mimi nadanganya watu, tatizo ni bajeti tu, akatoa mfano wa muvi ya Kenya, Nairobi Half Life ya 2012 kwamba bila hela za Wajerumani isingekuwepo. Mkuu nakubali msaada wa Wajerumani ulikuwepo. Lakini itazame tena. Kijana Mwas, steringi, anatoka kijijini kuja Nairobi kuwa mwigizaji, hata hajajua kushoto na kulia ameshaporwa, usiku huohuo yuko selo. Na wale vijana wanavyoongea, Sheng, Kiswahili, Kikikuyu vinachanganyika kama unavyosikia kwenye steji ya matatu kabisa, mtu anamkatisha mwenzake, anamtania, anamtisha. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa chini akaandika na waigizaji wakafanya mazoezi, kalamu na daftari hazihitaji mfadhili. Na kama ni bajeti, kule Wakaliga Kampala mtengeneza muvi Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? ya 2010 kwa kompyuta ya kuunga mwenyewe na bunduki za vyuma chakavu, msimuliaji VJ Emmie akaingiza sauti yake juu, leo dunia nzima inaijua. Sauti tena, unaona?

Hela zikipatikana mimi nisingenunua drone. Ningemlipa mwandishi miezi miwili akae nyumbani, halafu ningemlipa mtu wa maiki vizuri kuliko mwenye Prado la kukodi.

Tamthilia ya Jua Kali ya Lamata nafuatilia mimi na mama watoto, na tunabishana kuhusu walichosema, sio walichovaa. Kwa hiyo uwezo upo. Nawauliza tu na nyie, muvi gani ya Kibongo uliyoimaliza bila kuisukuma mbele hata mara moja, na kuna neno gani la mle ndani ambalo mpaka leo unalikumbuka?