Homa ya ini C, ini limeshaanza kusinyaa: nianze dawa sasa au Krismasi ipite kwanza?

Baba G wa Spea (Jumatatu, saa 8:12 usiku)
Wakuu habari za usiku. Mimi mwanaume, miaka 46, nina duka la spea hapa Moshi. Mwezi wa nane nilikutwa na homa ya ini C. Nikapigwa ultrasaundi, wakasema ini limeshaanza kusinyaa, wenyewe wanaita sirosisi. Daktari anataka nianze vidonge, wiki 12. Mimi nawaza Krismasi ipite, nianze Januari kichwa kikiwa kimetulia. Miezi miwili ina shida kweli? Mwili hauna neno, nakula vizuri tu. Wenye uzoefu nisaidieni, matusi hapana.

Siti ya Mbele
Nimekaa pale, nasubiri madaktari wa humu waamke.

Mangi Mdogo
Pole sana mkuu. Vidonge vya hospitali vitakumaliza figo. Chemsha majani ya mstafeli, asubuhi kikombe, jioni kikombe. Shangazi yangu alikuwa na ini hilohilo, 2011 tukampeleka Samunge kwa Babu wa Loliondo, yule wa kikombe cha dawa. Kikombe shilingi 500 tu, ila foleni ya magari ilitukalisha siku tatu porini. Springi ya Land Rover ya mjomba ikakatika hukohuko, tukafunga na kamba ya katani mpaka Mto wa Mbu. Nani mwingine humu alikwenda?

Binti Sombetini
Mimi hapa! Tulilala chini ya lori la mahindi. Shangazi alipona?

Mangi Mdogo
Alifariki 2012. Lakini ilikuwa sukari.

Mtumishi Asiyechoka
Ndugu mtoa mada, tuwe wakweli. Magonjwa haya hayaji bure. Kaa na mkeo, ungama ulikopita, ndipo dawa itafanya kazi.

Zamu ya Usiku (Jumanne, saa 4:40 usiku)
Mtumishi, hepatitisi C inapita kwenye damu: sindano zilizorudiwa, damu ya kuongezewa isiyopimwa, nyembe za kuchangia. Kwa ngono ni mara chache. Na mtu anaweza kukaa nayo miaka 20 bila kujua, kwa hiyo hayo ya kuungama mwachie.

Baba G, mimi ni nesi. Kwanza, kipimo cha antibodi peke yake hakitoshi, maana wapo ambao mwili uliwahi kukifukuza kirusi wenyewe na kipimo bado kinasoma. Ulipimwa wingi wa virusi? Pili, homa ya ini B walikuangalia? Ukiwa nayo, dawa za C zinaweza kuiamsha. Tatu, na hapa nijibu bila kuzunguka: tumbo likoje, na choo kina rangi gani?

Baba G wa Spea (saa 7:55 usiku)
Asante dada. Virusi vilipimwa, vipo. B sina. Tumbo ni la kawaida kwa mtu wa umri wangu. Halafu mke wangu amenitengea kikombe, cha plastiki cha kijani, anakiosha peke yake na kukianika juu ya banda la kuku. Ni sawa hiyo?

Zamu ya Usiku
Kikombe kirudishwe kabatini, hakiambukizi. Kutenga ni wembe, mswaki na mashine ya kunyolea. Sasa jibu la tumbo.

Baba G wa Spea (saa 8:20 usiku)
Sawa. Mwezi wa tisa lilijaa, wakanichoma sindano ubavuni wakatoa maji lita 5. Likarudi kidogo. Choo kilikuwa cheusi siku mbili wiki iliyopita, nadhani ni ule utumbo wa mbuzi. Ila natembea, duka nafungua mwenyewe.

Zamu ya Usiku
Kwa hiyo "mwili hauna neno" ilikuwa na lita 5 ndani yake. Choo cheusi kama lami ni damu inayovuja juu tumboni mpaka ithibitike vinginevyo. Hiyo haisubiri Krismasi wala Jumapili. Na ini likishajaza maji hivyo, mpangilio wa dawa hubadilika: sofosbuviri na daklatasviri huongezwa ribavirini, au huenda wiki 24 badala ya 12. Ndiyo maana anapanga daktari anayekuona, siyo duka la dawa la kona. Diklofenaki, ile ya maumivu, usiguse. Majani ya mstafeli mwachie Mangi.

Mangi Mdogo
Nimekukosea nini nesi?

Baba G wa Spea (saa 8:47 usiku)
Dada nakuelewa, ila niseme ukweli. Hela niliyotenga, milioni 2 na nusu, nyingi imeshakwenda kwenye bati. Nyumba ya Mwika ina miaka sita haina paa. Ndugu wote wanapanda kuja nyumbani Desemba. Mimi ni kitinda mimba, kihamba cha mzee, shamba la ukoo, ni changu, na mama analala kwenye banda. Nikifa kabla ya paa, msiba mtauweka wapi, chini ya turubai kwenye mvua? Mtu wa miaka 44 azikwe kwenye gofu lake? Fundi ameshapandisha kenchi. Siwezi kurudisha bati.

Kahawa Chungu
Hapo mkuu nakuelewa asilimia zote. Mwanaume ni paa.

Dada Himo
Paa la nani, la mjane? Kaka yangu alijenga hivyohivyo, na marumaru akaweka. Mkewe kapangisha.

Mpelelezi 07
Jamani mnapigwa chai nzito. Post ya kwanza ana miaka 46, sasa hivi ana 44. Juzi alikula vizuri, leo ana lita 5. Na mgonjwa gani wa ini yuko hewani saa 8 za usiku, siku ya pili mfululizo? Mgonjwa analala. Kesho ataweka namba ya kuchangia, mtaona.

Siti ya Mbele
Nilijua. Sukari tu ndiyo ilipungua.

Kahawa Chungu
Narudisha asilimia zangu.

Zamu ya Usiku (saa 9:26 usiku)
Mpelelezi, umeona kitu sahihi ukakisoma kinyume. Ini likishindwa kuchuja, sumu inapanda kichwani. Dalili za mwanzo ni hizo: anakesha usiku, analala mchana, anachanganya vitu vidogo. Damu tumboni huchochea, choo kigumu pia. Baba G, mchana unalala?

Baba G wa Spea
Kaunta ya duka naisinzia sana. Mke ananicheka.

Zamu ya Usiku
Leo ni siku gani?

Baba G wa Spea
Jumapili. Ndiyo maana leo sikufungua.

Zamu ya Usiku (saa 9:41 usiku)
Kaka, ni Jumatano alfajiri. Mkeo yuko hapo?

Baba G wa Spea
Amelala.

Zamu ya Usiku
Mwamshe sasa hivi, mpe simu asome kuanzia juu. Tafuteni gari, nendeni hospitali ya KCMC kabla hakujakucha, idara ya dharura. Waambieni choo cheusi na kuchanganyikiwa, kwa maneno hayohayo. Usiendeshe wewe.

Baba G wa Spea (saa 9:50 usiku)
Ngoja nimwamshe.

Mpelelezi 07
Mkuu nisamehe.

Fundi Njia Panda (Jumatano, saa 3:15 asubuhi)
Sijasoma uzi wote. Hizo bati ni geji 28 au 30, na umechukulia wapi?