Naomba ushauri: aluminiamu nyeusi inageuka zambarau

Wakuu, habari za kazi. Natia rangi nyeusi vipande vya aluminiamu ya 6061 (aina ya aloi) baada ya anodaizi, yaani kuotesha tabaka la oksidi lenye vitundu kwa umeme ndani ya asidi. Vikitoka kwenye beseni la rangi ni vyeusi tii, hadi roho inafurahi. Nikivichemsha ili vitundu vya tabaka hilo vizibe na kushika rangi, maji yanageuka kama wino, na ukikiinamisha kipande juani, kona zote zina uzambarau. Inaniuma kweli, maana kazi yote inarudi mwanzo.

Kwenye anodaizi natumia asidi ya salfa asilimia 15, nyuzi 20, volti 15, dakika 30. Nasuuza mara mbili, kisha rangi ya nyuzi 60 kwa dakika 10, halafu maji yanayochemka nusu saa.

Nahisi tabaka ni jembamba, kwa sababu nyeusi nzito hutaka maikroni (sehemu za elfu za milimita) 20 hivi au zaidi. Je, nipeleke anodaizi hadi saa nzima, au niache kipande muda mrefu kwenye rangi? Na aliyeziba kwa asetati ya nikeli, rangi ilitulia? Nikeli ni sumu, naiogopa.

Pia mashimo ya skrubu yanabaki na duara jeupe pembeni. Nashuku asidi inajificha humo. Mnaisuuzaje ikaisha?