Mrejesho: Ile insha yangu ya Kifaransa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama kuandika insha kwa Kiswahili kisha kuipitisha kwenye programu ya kutafsiri ni udanganyifu, au ni sawa tu na kufungua kamusi. Wengi mkaniambia nikakiri mapema. Nikaenda.

Mhadhiri alikuwa ameshazungushia wino mwekundu sentensi tatu. Moja ilikuwa na "nous fûmes". Akaniuliza, "Hiki ni kitenzi gani?" Nikabaki nakodoa macho. Kumbe ni "être", yaani "kuwa", katika wakati uliopita wa kimaandishi, unaokutana nao vitabuni. Kwenye mazungumzo ya kawaida huusikii, na darasani hatujaufikia hata kidogo. "Kamusi inakupa neno," akasema, "sentensi unaitunga wewe." Sikuwa na la kujibu.

Insha ikapewa sifuri, nikapata onyo la maandishi, na nikaandika nyingine mbele yake bila simu. Kamati ya nidhamu sikufikishwa kwa sababu nilijisalimisha kabla ya kuitwa, asanteni sana kwa hilo. Wewe uliyesema nibadilishe maneno mawili matatu hawatajua, ndugu yangu, ungenimaliza!

Hiyo mpya nimepata 54. Jinsia za nomino zimenitoa jasho, "le" ya kiume na "la" ya kike nimezichanganya karibu kila mstari.