Mjadala: Mkopeshaji au mwenye gari aruhusiwe kuzima injini kwa simu?

Traka nyingi (vifaa vya kufuatilia gari kwa setilaiti) zinazofungwa kwenye magari ya kazi Nairobi huja na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kuzima injini. Wapo wakopeshaji wanaoitumia deni likichelewa. Je, iendelee?

Mwenye malori: Iendelee. Lori likitekwa Mlolongo, ramani inakuonyesha linakoelekea tu. Kukata waya wa starta hakusaidii, maana mwizi hazimi injini. Rilei ikae kwenye pampu ya mafuta.

Fundi wa umeme: Kwa pampu sawa, ila ifungwe inavyopaswa. Malori mengi ni volti 24; rilei ya volti 12 itaungua koili. Waya wa pampu upite miguu ya rilei ya 30 na 87a, ambayo huungana rilei isipopata umeme, ndipo traka ikifa lori liendelee kwenda. Anayetumia mguu wa 87, unaoungana rilei ikipata umeme tu, analifanya lori lizimike fyuzi ya traka ikikatika. Kisha traka ipangwe ikatae kuzima kasi ikizidi kilomita 20 kwa saa, na pia isipoona setilaiti. Hilo la pili husahaulika sana: traka nyingine zikipoteza setilaiti husoma kasi sifuri, zikaamini gari limesimama.

Mtetezi wa madereva: Fundi, lori lenye mzigo hushuka mteremko wa Mai Mahiu kwa gia nzito, pengine chini ya hiyo 20. Na SMS ya kuzima injini iliyotumwa lori likiwa pasipo na mtandao hungoja, ikafika lori likiwa mteremkoni. Mafuta yakishakatwa, dereva akikanyaga klachi injini inasimama. Usukani unakuwa mzito, kompresa haijazi upepo, na kila akikanyaga breki upepo unapungua hadi breki zijifunge zenyewe. Deni gani linastahili hayo? Mkopeshaji aone ramani, kitufe asipewe.

Mwenye malori: Na lori likifichwa je?

Mtetezi wa madereva: Kwa deni, starta inatosha: lililozimwa haliwaki tena, linalotembea haliguswi.

Fundi wa umeme: Hapo nakubali. Rilei mbili, ya starta kwa mkopeshaji, ya pampu kwa mwenye lori pekee, tena baada ya kuzungumza na polisi. Amri ya pampu iende kwa data, isipopokelewa ndani ya sekunde 30 ifutwe.

Mtetezi wa madereva: Ya pampu bado siungi mkono, kwa sababu utingo na dereva huweza kuwa ndani ya lori lililotekwa. Na mkataba useme wazi nani anaona mwendo wa gari na kwa sababu gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo.