Mjadala: Lebo inasema "Imetengenezwa Mwanza", kitenge kimetoka China. Tukubali?

Ngosha wa Mkolani
Wakuu, ng'wadila. Wiki iliyopita nilipita kwenye maonyesho madogo ya mavazi hapa mjini. Kijana mmoja ana kazi kali, sina ubishi na mkono wake. Kila gauni lina lebo nyuma ya shingo: "Imetengenezwa Mwanza". Nikaomba nione kitambaa kilichobaki. Pindoni kimechapwa majigambo ya Kiingereza kwamba ni waksi halisi ya Uholanzi, na kijana mwenyewe ananiambia bila aibu kwamba mzigo ni wa China, kauchukua Makoroboi.

Sasa jamani. Tunakaa katikati ya pamba. Simiyu, Shinyanga, Geita, Kwimba hapo, Magu hapo. Mbegu zenyewe zimefanyiwa utafiti Ukiriguru. Pamba inavunwa, inachambuliwa, inafungwa robota, kwaheri. Halafu tunanunua kitenge kilichovuka bahari na kukipachika jina letu shingoni. Hoja yangu: jiji litenge eneo la wabunifu, na wapewe wanaotumia kitambaa cha Tanzania tu. Wengine waandike "Imekatwa Mwanza". Karibuni, bila matusi.

Sindano Na Uzi
"Imekatwa Mwanza." Yaani kaka yangu, kukata, kuunga, kuweka bitana, zipu, kupiga overloki, kupinda, pasi, hiyo yote kwako ni kukata? Umewahi kuona gauni la marinda likijishona? Niko Igoma na cherehani yangu, nimesomesha watoto wawili nayo, leo naambiwa kazi yangu haihesabiki kwa sababu kitambaa kimepanda meli.

Machinga Msomi
Ngosha hoja yako ni nzito ila imechelewa miaka mingi mno. Tulikuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex hapo barabara ya Musoma, na Musoma wenyewe walikuwa na Mutex. Wachina walitujengea bure kabisa, sisi tukaviua kwa mikono yetu.

Mzee wa Zamu ya Usiku
Kijana, punguza mwendo. Wachina walijenga kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kikafunguliwa 1968, na wala si bure, ulikuwa mkopo. Mwatex usiwaingize Wachina.

Na hiyo "tukaviua" ni nani? Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Umeme unakatika, mashine inasimama na uzi ndani. Kipuri kinaagizwa nje, fedha za kigeni hakuna. Unakaa na spana mkononi miezi unasubiri kidude cha ukubwa wa kidole. Halafu Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, akafungua milango, mtumba ukamiminika, shati la Ulaya likawa bei ndogo kuliko kitambaa chetu kabla hakijashonwa. Mfumaji alifanya nini hapo? Ukiandika "sisi", weka jina lako peke yako.

Machinga Msomi
Shikamoo mzee. Sikukulenga wewe.

Mzee wa Zamu ya Usiku
Marahaba. Umenilenga.

Mkerewe wa Nansio
Mnagombana kuhusu kitenge utadhani babu zetu walizaliwa nacho. Hiyo waksi Waholanzi waliiga batiki ya Java, wakachapa kwa mashine, wakaja kutuuzia Waafrika. Kampuni ya Vlisco iko Helmond tangu 1846. Kwa hiyo Mchina ameiga Mholanzi aliyemwiga Mjava, na Ngosha anadai haki miliki ya Usukumani. Kama ni asili, Ngosha vaa kaniki. Ila hata kaniki ililetwa na wafanyabiashara kutoka India.

Ngosha wa Mkolani
Mkerewe, wewe historia unayo, hoja huna. Sijasema kitenge ni asili yetu. Nimesema pamba ni yetu.

Binti Kapripointi
Mimi naona mnapoteza muda na kitambaa. Tatizo la mavazi Mwanza ni moja: mafundi wa hapa ni waongo. Nimesema. Nguo ya Ijumaa unaipata Jumatano ya wiki ya pili. Ukipiga simu, "dada yangu, inapigwa pasi hapa". Unakwenda, kitambaa hakijakatwa hata! Ndiyo maana watu tunaagiza Kariakoo au tunakwenda Mlango Mmoja tunachagua mtumba, unavaa siku hiyo hiyo.

Jembe la Kishiri
😂😂 "Inapigwa pasi hapa." Huyo fundi ni wangu pia.

Mama Sare
Binti umenigusa. Sare za kikundi chetu cha kwaya, kumi na nane. Siku ya Pasaka kumi zina mikono, nane hazina. Tulipanga wenye mikono mbele.

Sindano Na Uzi
Nimesubiri nitulie kwanza, nimeshindwa.

Wateja wa Mwanza hebu tuongee. Unaleta kitambaa Alhamisi jioni, sherehe Jumamosi. Unafungua simu unanionyesha picha ya Mnaijeria amevaa lesi yenye mkia unaoburuza, wewe umeniletea yadi mbili na nusu. Nikikwambia haitoshi, "fundi mwenzako alisema inatosha". Kwa nini hukumpa huyo mwenzangu? Vipimo umepimwa mwezi wa tatu, umekuja kuchukua mwezi wa saba na mwili mwingine, gauni limebana, fundi kaharibu. Malipo: umeacha elfu tano, salio utatuma. Ukutani kwangu zinaning'inia nguo za watu walioahidi kutuma salio, nyingine wenyewe nawaona kwenye daladala tunasalimiana vizuri tu.

Fundi akichukua kazi nyingi kuliko uwezo wake ni kwa sababu robo ya wateja hawatalipa, na yeye hajui ni robo ipi.

Binti Kapripointi
Kwa hiyo mimi niliyelipa yote siku ya kwanza niadhibiwe kwa ajili ya hao? Na ukilipa yote ndiyo kabisa, unawekwa chini ya meza, hana haraka na wewe tena.

Jembe la Kishiri
Hapo Binti kapiga msumari. Usilipe yote. Kamwe.

Sindano Na Uzi
Mnaona? Ndiyo hao hao.

Machinga Msomi
Turudi kwenye mada. Mnakumbuka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke kufikia 2019? Marekani ikatishia kututoa kwenye AGOA, ule mpango wao wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wote tukanywea, isipokuwa Rwanda ambao waliambiwa nguo zenu hazitaingia tena bila ushuru, nao wakasema sawa. Kwa hiyo hilo eneo la wabunifu la Ngosha lina mshindani mmoja tu, naye yuko Mlango Mmoja, anaitwa belo. Mchina wa kitenge mnamwonea. Kijana wa miaka ishirini Mwanza avae nini kila siku? Jinzi ya mtumba. Kitenge ni cha harusi, Ijumaa ya ofisini na msibani.

Mkerewe wa Nansio
Na mtumba una heshima yake. Belo linapofunguliwa alfajiri wakitangulia wale wanaojua kuchagua, saa tano ukienda wewe unakuta soksi. Kuna madada wanachagua pale, wanarekebisha, wanauza Instagram kwa bei ya dukani. Huo nao ni ubunifu, au nao waandike lebo ya Ulaya?

Halafu wenzetu Kisumu wanatengeneza viatu na mikoba kwa ngozi ya sangara. Ziwa ni hili hili, samaki ni huyo huyo. Sisi tunagombania pindo la kitenge.

Mwenye Lebo
Nimetumiwa huu mjadala na watu watano. Mimi ndiye mwenye magauni.

Kwanza Ngosha, ulishika kila kitambaa mezani kwangu na hukununua hata kitambaa cha kichwa. Ni sawa, karibu tena.

Pili, mnadhani sijatafuta kitambaa cha Tanzania? Kipo, viwanda vya Morogoro na Dar vinachapa. Lakini mteja wangu anataka rangi aliyoiona kwenye simu jana. Muuzaji wa Makoroboi anazo aina mia, wa kwetu ananiletea tatu, na ananitaka ninunue jumla, mtaji wa magauni yangu yote ya mwaka. Mniambie nifanye nini. Pamba ya Kwimba siwezi kuivaa kama ilivyo, tutaonekana tumetoka wodini.

Tatu, mchoro ni wangu, mkato ni wangu, jina ni langu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 napata wateja wa Sengerema na Geita wanakuja asubuhi wanarudi mchana, zamani walikuwa wanahesabu foleni ya kivuko. Wanakuja Mwanza kutafuta nguo ya Mwanza. Nitaandika hivyo.

Ngosha wa Mkolani
Umejibu kiungwana, nakupa hiyo. Ila "mtaji hautoshi" ndiyo sababu hasa ya kutaka eneo na masharti. Wabunifu kumi mkiagiza pamoja, kiwanda kitawasikiliza.

Sindano Na Uzi
Mdogo wangu Mwenye Lebo, hongera. Mchoro wako, mkato wako, jina lako. Na mshono je, ni wa nani?

Mwenye Lebo
Nina timu, dada.

Sindano Na Uzi
Timu ina majina?

Mwenye Lebo
Hiyo ni mambo ya ndani ya biashara.

Cherehani ya Miguu
Habari zenu. Mimi huwa sichangii, nasoma tu. Mimi ni timu.

Gauni la marinda lililokuwa limevalishwa sanamu ya mbele siku ile, nimelishona mimi, Buzuruga, chumbani kwangu, watoto wamelala. Elfu nane. Uzi wangu, sindano ikivunjika yangu. Liliandikwa bei elfu tisini na tano. Sina ugomvi na mtu, nimeona mnauliza.

Jembe la Kishiri
Eeh.

Mama Sare
Elfu nane gauni la marinda lenye bitana??

Mwenye Lebo
Dada, tungeongea kwa simu.

Cherehani ya Miguu
Simu yangu hupokei tangu maonyesho.

Machinga Msomi
Hapa nimekaa vizuri, nimeagiza na karanga.

Mwenye Lebo
Mnapiga hesabu nusu. Elfu tisini na tano toa kitambaa, toa bitana, zipu, lebo zenyewe, meza ya maonyesho imelipiwa, mpiga picha kalipwa, wanaovaa wamelipwa nauli na soda, na kati ya magauni kumi yanauzwa manne. Hayo sita nayalipia mimi. Fundi analipwa yote kumi, yauzwe yasiuzwe. Hilo hamliandiki.

Sindano Na Uzi
Tunaliandika. Analipwa elfu nane mara kumi. Wewe ukiuza manne tu una laki tatu na themanini. Toa soda zote unazotaka.

Mkerewe wa Nansio
Mpiga picha alilipwa ngapi? Nauliza tu.

Mwenye Lebo
Sijibu hilo.

Mkerewe wa Nansio
Umejibu.

Mzee wa Zamu ya Usiku
Kiwandani tulilalamika sana, lakini mwisho wa mwezi ulipewa karatasi ya mshahara, na ukiugua kulikuwa na mahali pa kwenda. Huyu binti wa Buzuruga akichomwa na sindano kidole kikavimba, nani anamtibu? Kiwanda kimegawanywa vipande, kila kipande kimewekwa chumbani kwa mtu, halafu kodi ya chumba analipa yeye.

Ngosha wa Mkolani
Mzee umesema kweli, ila tunatoka nje ya mada. Mada ni kitambaa.

Mama Sare
Ngosha na wewe acha. Mada imeshahama, ifuate au kaa na pamba yako.

Binti Kapripointi
Mimi nimeshangaa kitu kimoja. Fundi wangu mjini ananitoza elfu thelathini na tano, analeta amechelewa, mkono mmoja mrefu. Na huku kuna mtu anashona lile gauni la mbele kwa elfu nane? Lile gauni nililiona picha yake, marinda yamelala vizuri kabisa. Cherehani ya Miguu, unapokea kazi za watu binafsi?

Sindano Na Uzi
Ona sasa. Hajaguswa na hiyo elfu nane, ameifurahia.

Binti Kapripointi
Nimeuliza kama anapokea kazi. Bei sijataja.

Cherehani ya Miguu
Napokea. Lakini si elfu nane. Gauni lenye bitana elfu thelathini, kitambaa yadi nne usipunguze, vipimo unakuja mwenyewe hutumi kwa simu. Nusu unaacha siku ya kwanza. Nahitaji siku saba, na nikisema saba ni saba.

Jembe la Kishiri
Binti, nusu! Kumbuka nilichokwambia.

Binti Kapripointi
Theluthi?

Cherehani ya Miguu
Nusu.

Sindano Na Uzi
Usilegeze, mdogo wangu. Na andika jina lake kwenye daftari, na tarehe, umwambie aweke sahihi.

Mwenye Lebo
Cherehani, yale matano ya wiki ijayo bado yapo?

Cherehani ya Miguu
Yapo kwenye mfuko, sijayakata. Pokea simu kwanza.