Kahawa ya kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga) Kilimanjaro: tupeane uzoefu, huwa inaharibikia wapi?

Kihamba_Juu: Vuli inanyesha na ukanda wa juu bado kuna kahawa mtini. Tupeane uzoefu. Mibuni imepogolewa, chule buni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) imepigiwa dawa ya kopa, yaani ya shaba, halafu mnadani Moshi kahawa inaangukia daraja la chini. Inaharibikia wapi?

MamaMigomba: Mashine ya kumenya. Nafasi ya ngoma, ile silinda inayomenya, ikibana, punje zinachubuka na baadaye zinakuwa na madoa meusi. Ikilegea, matunda yanapita mazima. Jaribu kwanza na kilo moja, na urekebishe tena msimu ukiendelea, matunda hayalingani ukubwa.

mzee_wa_mfongo: Mashine ni mwanzo tu, balaa lenyewe liko kwenye ndoo ya kuchachushia. Jumatatu zimemenywa debe mbili. Jumanne inaongezwa debe moja juu yake, ndoo ileile, eti zioshwe pamoja kuokoa maji. Hapo ndipo kazi ya mwaka mzima inapopotea. Utelezi (ute unaobaki kwenye punje zikishamenywa) wa jana umeshalegea, wa leo bado. Ukizisubiri za leo, za jana zinaozea ndani ya ganda gumu linalofunika punje, na kwa nje huoni kitu! Harufu inajitokeza zikishakobolewa na kukaangwa, na punje chache tu zinaharibu kikombe. Kila siku na ndoo yake, tena iliyosuguliwa mpaka chini.

Bunisafi: Kweli tupu.

chini_ya_barabara: Saa 24 zinatosha, mnachelewesha bure.

mzee_wa_mfongo: Zinatosha huko kwenu kwenye joto. Juu karibu na msitu hata 48 zinaweza zisitoshe. Achana na saa: osha kiganja kimoja, sugua. Zikikwaruza kama changarawe, tayari. Zikiteleza, bado.

Bunisafi: Au chomeka kijiti kwenye rundo. Ukikichomoa shimo likabaki wazi, osha.

chini_ya_barabara: Na mvua hizi? Pandisha darini juu ya jiko, moto unakausha.

MamaMigomba: Hapana jamani! Mahindi sawa, kahawa hapana. Ganda halizuii moshi, na muonjaji anaukuta kwenye kikombe. Kichanja cha waya, tabaka lisizidi sentimita 3, geuza mara kwa mara. Plastiki iwe juu ya fito kama paa, isiguse kahawa.

Kihamba_Juu: Na saa sita mchana siku za mwanzo funika pia.

chini_ya_barabara: Mvua mnafunika, jua mnafunika, itakauka lini?

Kihamba_Juu: Siku 10 hadi 14, mawingu yakizidi hata zaidi. Jua kali kwenye kahawa mbichi linapasua ganda, punje inabaki wazi na kupauka. Kujua unyevu usitegemee kung'ata kwa meno. Omba ipimwe kwenye chama cha msingi (ushirika wa wakulima): asilimia 10.5 hadi 12.

Bunisafi: Ikishafika hapo, gunia liwe juu ya mbao, mbali na mbolea na mafuta ya taa. Kahawa inavuta harufu yoyote iliyo jirani.