Kilele kinakufa kwenye militesla 5 tu, na niobiamu bado iko hai. Kwa nini?

Chipu_Baridi:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Uholanzi nasoma shahada ya uzamili, na hii ni wiki ya tatu nakesha na kipande kimoja: niobiamu (supakondakta, yaani ikipozwa hupitisha umeme bila ukinzani) iliyolazwa juu ya semikondakta InGaAs yenye dopu nyingi (atomi ngeni zilizotiwa makusudi). Nikikipoza hadi kelvini 1.4, upitishaji wa umeme unapanda pale volti ikiwa sifuri. Kilele chembamba, kizuri kabisa. Nikiwasha sumaku ikafika militesla 5, kimelala chote. Mwenzangu wa maabara anasema ni mambo ya spini (usumaku mdogo wa elektroni yenyewe). Sijashawishika. Kinachokufa hapo ni nini?

mzee_wa_volti:
Sumaku na supakondakta ni paka na panya. Zima sumaku, kalale.

Chipu_Baridi:
Mkuu, niobiamu yenyewe haijaguswa. Nimeipeleka hadi nusu tesla na mabega ya pengo la nishati (alama kwamba bado ni supakondakta) bado yanaonekana. Kinachoondoka ni kile kilele cha katikati tu.

Dada_Heliamu:
Mdogo wangu, spini iweke kando kwanza. Piga hesabu: InGaAs yako ina g (kipimo cha jinsi spini inavyoitikia sumaku) yenye ukubwa wa kama 4, kwa hiyo militesla 5 zinatenganisha nishati za spini kwa takriban maikroelektrovolti 1, yaani sehemu moja ya milioni ya elektrovolti. Joto la kelvini 1.4 ni maikroelektrovolti 120. Spini haina sauti hapo. Ungekuwa na semikondakta InSb, yenye g ya karibu 50, na sumaku ya tesla nzima, ningemsikiliza mwenzako.

Sasa twende mpakani. Chukulia supakondakta ni ukumbi wa harusi unaopokea kadi za dabo tu. Elektroni imekuja na kadi ya singo. Ili iingie, inamvuta mwenzake aliye nje waingie wawili kama jozi ya Cooper (elektroni mbili zilizoungana, ndizo zinazobeba umeme ndani ya supakondakta), na pale alipotoka huyo mwenzake panabaki tundu, yaani nafasi tupu inayotembea kama chaji chanya. Tundu hilo linarudi kwa njia ileile elektroni iliyojia, unyayo kwa unyayo. Mwanafizikia Andreev alilieleza hili mwaka 1964.

Ila kwako kuna ukuta wa Schottky (kizuizi cha umeme pale metali inapokutana na semikondakta) mlangoni, kwa hiyo wengi wanagonga na kurudishwa. Hapo ndipo uchafu wa semikondakta unapokusaidia (huwa nacheka kila nikifika hapa, maana maisha yetu yote maabara ni kupigana na uchafu). Elektroni iliyorudishwa inagonga takataka za ndani, inarejea mlangoni, inabisha hodi tena na tena. Volti ikiwa sifuri, tundu linaporudi kwa njia hiyohiyo linafuta awamu yote (hatua ya wimbi lake) ambayo elektroni iliikusanya, kwa hiyo majaribio yote yanajumlishana kwa mdundo mmoja. Ukuta unakuwa kama haupo. Kastalsky na wenzake walikiona kilele hiki mwaka 1991, tena kwenye niobiamu na InGaAs kama yako. Mwaka uliofuata van Wees na wenzake wakaleta maelezo haya.

Uga wa sumaku unavuruga kule kufutana. Tundu lina chaji kinyume na linakwenda kinyume, hivyo awamu ya sumaku ya kwenda na ya kurudi hazifutani, zinaongezeana. Kila njia inapata yake, mdundo unapotea. Inatosha kwanta moja hivi ya fluksi (kipimo kidogo cha msingi cha uga wa sumaku unaopita kwenye eneo), militesla 2.07 kwa maikromita moja ya mraba. Kwa militesla 5 unapata eneo la maikromita za mraba 0.4, yaani njia zinazozunguka eneo lenye upana wa kama maikromita 0.6. Inaingia akilini kwa kipande chako.

Fanya mawili. Pima sumaku ikipanda, kisha ikishuka. Koili ya sumaku huhifadhi fluksi, kwa hiyo sifuri ya kwenye skrini si sifuri ya kwenye chipu. Halafu laza chipu uga upite sambamba na utando. Tabaka lako likiwa jembamba, kilele kivumilie zaidi.

Chipu_Baridi:
Dada, asante sana. Kupanda na kushuka nimemaliza jana: kilele kinahama kutoka upande mmoja wa sifuri kwenda wa pili, militesla 2 kila upande. Kumbe nilikuwa nasoma kosa la koili! Kulaza chipu kumenila Ijumaa nzima, maana ilibidi nipashe joto kriostati (chombo cha kupozea) na kuipoza upya. Tabaka ni nanomita 100. Kilele kimevumilia hadi karibu militesla 30.

mzee_wa_volti:
Basi usilale.